Ndege Iliyopakwa Rangi ya Mlango

Mpaka leo nikipita mbele ya ofisi ya kijiji chetu, hapa karibu na Mkata, na kuuona ule mlango wa kijani, nasonya. Mlango wenyewe hauna kosa. Ulipakwa vizuri na rangi yake haijabanduka. Ugomvi wangu ni na rangi iliyobaki ndani ya kopo, na mtu aliyeona haifai kubaki.

Nianze na mzee. Huyu mzee anatengeneza ndege. Sisemi zile za mabua wanazochezea watoto. Ndege zake ni ndogo lakini zinaruka kweli, zina mabawa yenye mbavu ndani, zina mkia, na mbele zina pangaboi linalozungushwa na utepe wa mpira uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli. Unalizungusha pangaboi kwa kidole mpaka ule mpira ujisokote na kufanya mafundo, kisha unaiachia ndege, nayo inapanda yenyewe, inazunguka juu ya vichwa vya watu na kushuka taratibu kwenye majani. Alianza kuzitengeneza alipokuwa fundi katika karakana ya shamba la mkonge upande wa Korogwe, na tulipohamishiwa kwenye kijiji cha ujamaa alikuja nazo. Wengine walishuka kwenye lori na milango na mabati ya nyumba zao za zamani. Yeye alishuka na sanduku la mabawa, akamkaripia kila aliyetaka kumsaidia kulibeba.

Watu humheshimu sana. Wapo wanaotoka Kwamsisi kwa baiskeli kuja kuona ndege zake, na wafugaji husimamisha ng'ombe barabarani wamwamkie. Lakini usidhani ni mzee mpole. Anajua kwamba yeye ni bingwa na anapenda kuambiwa, na ukichelewa kumwambia anakukumbusha.

Hakuna aliyenifundisha kazi hii, hata yeye. Nilipomaliza darasa la saba na jina langu lisionekane miongoni mwa waliochaguliwa kwenda sekondari, nilikwenda kumwomba anifundishe. Akasema hana nafasi. Basi nikawa naokota mabawa yaliyovunjika aliyoyatupa nyuma ya nyumba yake, nayafumua, napima kila kipande, natengeneza kingine. Mama alikuwa akinitazama na kutikisa kichwa.

"Wenzako wanasuka ukili, wewe unasuka upepo," alisema. "Utaolewa na ndege wewe?"

Na nikiri mapema nilivyo, ili msomaji asije akanihurumia bure. Mimi ni mtu ambaye kosa dogo linamkosesha chakula. Ubavu mmoja wa bawa ukiwa mnene kuliko mwenzake kwa kiasi cha uzi, siwezi kuendelea na maisha. Hata ukurasa huu nimeuandika na kuuchana mara nyingi kuliko ninavyoweza kusema bila aibu.

Siku moja kisimani, mke wa mzee, ambaye sote tunamwita bibi, alinivuta pembeni.

"Babu yako haoni," aliniambia.

"Haoni nini, bibi?"

"Haoni. Ndege hajamaliza hata moja tangu mavuno ya mwaka jana. Atakwambia miti ya siku hizi ina maji, gundi haishiki, mpira umeoza. Uongo mtupu. Juzi kapaka gundi kidole chake, akakibandika kwenye mkia." Alicheka, halafu akaacha kucheka. "Usimwambie nimekwambia. Atahama nyumba."

Tangu hapo sikupata raha. Nilikuwa nikimwona ameketi barazani, kisu mkononi, kipande cha mti mapajani, hachongi. Na kwa kuwa siwezi kuacha jambo likae lilivyo, nikapata wazo.

Mzee alikuwa na hadithi ya kuzaliwa kwake, na hakuna mtu kijijini asiyeijua. Mama yake alimwambia kwamba alizaliwa kiangazi kile ambacho vita vya Mwingereza na Mjerumani vilipita huku kwetu. Kitovu chake hakijakatika, kitu kikanguruma angani, watu wakakimbilia porini, na mama yake akakimbia naye kifuani. Ilikuwa ndege. Kila mwaka alipoisimulia hadithi hii ile ndege ilipita chini zaidi, na safari ya mwisho ilikaribia kugusa kilemba cha mama yake. Lakini ukihesabu kwa vita vile, kiangazi kilichokuwa kinakuja mzee angetimiza miaka sitini.

Nikaamua. Nitamtengenezea ndege, na siku ya kutimiza sitini ataishika yeye, atairusha yeye, nayo itazunguka juu ya kichwa chake. Hatahitaji kuona mbavu wala uzi. Atahitaji kuangalia juu tu. Sikutaka kitu kingine, na narudia neno hili kwa sababu baadaye kila mtu alinieleza nilichokuwa nakitaka.

Wa kwanza alikuwa bibi. "Kusherehekea kuzaliwa? Mtu mzima? Hayo si mambo ya watoto wa mameneja wa mkonge?"

"Ni miaka sitini, bibi."

"Watu watauliza ni maulidi au ni hitima."

"Tuwaambie ni sherehe."

"Basi watauliza nani anaolewa, na watakutazama wewe."

Wa pili alikuwa mwenyekiti wa kijiji. Huwezi kukusanya watu siku ya kazi za shamba la ujamaa bila yeye kujua, kwa hiyo nilikwenda ofisini. Ni mtu mwenye moyo mzuri, na moyo wake ndio matatizo yake yote. Alinisikiliza, akakuna kidevu.

"Kuzaliwa hakumo kwenye ratiba ya kijiji, binti."

"Ni mchana mmoja tu, Ndugu Mwenyekiti."

"Ngoja." Nikaona macho yake yanawaka, nikaogopa. "Tutaiita Siku ya Ufundi. Kijiji kimpongeze mzee wetu. Nitatoa hotuba. Nitaalika mtu kutoka wilayani!"

Nilitaka watu wachache na pilau. Nikatoka na Siku ya Ufundi.

Nilifanya kazi miezi yote ya masika. Mti niliotumia ni mlingoti wa mkonge, ule unaochomoza katikati ya mmea ukizeeka. Ukikauka ni mwepesi kiasi kwamba ukiuweka kiganjani unadhani umeweka ganda la yai. Nilikwenda kuutafuta hadi Kerenge, kwa shangazi yangu, kwa sababu wa huku ulikuwa umeliwa na wadudu. Mbavu nilizichonga kwa wembe. Kwa kufunika mabawa nilihitaji karatasi laini, na karatasi laini kuliko zote ni ile inayofungiwa viatu vipya dukani. Nikaenda Korogwe, nikasimama mbele ya muuza viatu mpaka akachoka.

"Unanunua viatu au hununui?"

"Naomba karatasi tu, mjomba."

"Karatasi bila kiatu utaivaaje?"

Alinipa, nadhani ili niondoke. Sikuweza kuikunja, kwa hiyo nilirudi ndani ya basi nimeinua mikono kama mtu anayebeba maziwa, na kila abiria aliyepita alinigusa.

Ilipokamilika niliijaribu alfajiri, upepo haujaamka, kwenye uwanda wa mfugaji mmoja Mmaasai ambaye ni rafiki wa mzee. Ng'ombe wake hula majani pale mpaka yanakuwa mafupi kama zulia, na ndege ikianguka haiumii. Niliiachia. Ikapanda, ikainama kidogo, ikazunguka kwa upana na kutulia chini kama jani. Mfugaji alikuwa ameegemea fimbo yake.

"Imekaa juu kama mwewe," alisema. "Umeitia dawa gani?"

"Haina dawa. Ni nyepesi tu."

"Kama ni nyepesi, nyamaza, usiiongezee hata neno."

Angekuwa yeye ndiye mwenyekiti, haya yote yasingetokea.

Zikabaki siku chache. Nyumbani kwetu hakuna pa kuficha kitu, kuku wanaingia mpaka chini ya kitanda. Kwa mzee ndiyo kabisa haiwezekani. Mahali pekee penye kufuli kijijini ni ofisi. Nikampelekea mwenyekiti, nikamwomba aiweke juu ya kabati, asiiguse, asiruhusu mtu aiguse.

"Kama yai," alisema.

Asubuhi ya sherehe nikaenda kuichukua. Ilikuwa ya kijani.

Ilikuwa ya kijani kuanzia pangaboi hadi mkia, kijani kibichi cha mafuta, inang'aa, inanata. Pembeni ya bawa kulikuwa na sisimizi amekwama. Niliinyanyua. Uzito wake ulikuwa wa sufuria.

"Umeona?" Mwenyekiti alikuwa nyuma yangu, amevaa shati lake la mikutano. "Nilikuja juzi nikaikuta iko uchi. Mbavu zote nje! Nikasema haiwezekani, mgeni wa wilaya aje aione ndege ya kijiji haina nguo."

"Ilikuwa nyepesi makusudi," nilisema.

"Na sasa ni imara. Nimepaka mara mbili. Ile ya kwanza ilinywewa yote."

Mimi, ambaye siwezi kunyamazia ubavu uliozidi kwa uzi, nilisema nini? Nilisema asante. Ni mtu mzima, alikuwa anatabasamu, mikono yake ilikuwa bado na madoa ya kijani. Nikasema asante, Ndugu Mwenyekiti. Nikaenda nyuma ya ofisi nikalia kwa hasira, na nusu ya hasira hiyo nilijikasirikia mwenyewe.

Watu walijaa. Mgeni wa wilaya hakuja. Mzee aliletwa na mke wake, amevaa kanzu safi na koti, anajifanya hajui kinachoendelea na wakati huohuo anatazama kama viti vya mbele vimejaa. Nilimwamkia, shikamoo mzee, akaitikia na kuniuliza kwa nini macho yangu ni mekundu. Nikasema moshi.

Mwenyekiti akahutubu. Alieleza historia ya ufundi, akaeleza umuhimu wa kujitegemea, akaeleza hata kilimo cha muhogo. Kisha akainyanyua ndege yangu juu, akasema kwamba kijiji, kwa nguvu ya pamoja, kimemtengenezea mzee zawadi hii. Makofi. Mama yangu akanibana mkono nisisimame.

Mzee akaipokea. Ana desturi yake, kila ndege lazima aiweke juu ya ncha za vidole viwili, chini ya mabawa, aone inaelemea wapi. Akaiweka. Ikaanguka kwa pua mapajani mwake kama kuku aliyechinjwa.

"Nani kaipaka hii?"

"Kijiji, mzee wetu," mwenyekiti alisema.

"Kijiji kizima? Mlipanga foleni?"

Watu wakacheka.

"Ni mimi, mzee. Mara mbili."

"Mara mbili." Mzee akatoa kisu mfukoni. Mbele ya umati wote akapasua karatasi ya bawa, akaichuna kama anachuna mbuzi. Nilisikia sauti ikinitoka. Lakini niliona pia jinsi alivyofanya. Kisu hakikugusa mti hata mara moja, na macho yake hayakuwa kwenye kisu, yalikuwa yanatazama mbele. Vidole ndivyo vilivyokuwa vinaona. Alichuna mabawa yote na mkia, ikabaki mifupa mitupu, akaipapasa ubavu mmoja baada ya mwingine.

"Hizi kazipiga msasa nani?"

"Mimi, mzee."

"Zote?"

"Zote."

Akaguna. Hiyo ndiyo sifa niliyopata.

"Leteni karatasi," alisema.

Hakukuwa na karatasi. Nilikuwa nimebakiwa na kipande kisichotosha hata mkia. Nikaanza kueleza kwamba haiwezekani, kwamba lazima nirudi Korogwe, kwamba tuahirishe. Mzee hakunisikiliza. Alikuwa anasugua kati ya vidole vyake nakala ya hotuba, ambayo mwenyekiti alimkabidhi iwe kumbukumbu. Nakala zile za ofisi huandikwa kwenye karatasi nyembamba sana, ili kaboni ipenye.

"Karatasi hii mnayo nyingine?"

Mwenyekiti akasita. "Hizo ni mali ya ofisi, mzee."

"Na rangi ilikuwa mali ya nani?"

Karatasi zikaletwa, bunda zima. Bibi akakoroga gundi ya unga wa muhogo kando ya sufuria ya pilau, na kilichofuata sitaki kukikumbuka lakini nitakiandika. Kila mtu alitaka kubandika. Vidole vyenye mafuta ya nyama vilishika mkia. Mama, aliyeniuliza kama nitaolewa na ndege, alimfokea mwenzake kwamba anakunja vibaya. Mfugaji alipewa kushikilia pua, akaishikilia kama anavyoshika ndama. Mimi nilizunguka nikisema taratibu, si hivyo, nyoosheni kwanza, na hakuna aliyenijibu. Karatasi yangu ya viatu ilikuwa haina hata kunyanzi moja. Hii ilikuwa na makunyanzi kama uso wa mtoto anayelia.

"Bawa la kushoto ni langu," mzee alisema. "Mtu asiguse."

Mwenyekiti aliambiwa alishikilie tu, na akalishikilia. Mimi nilikuwa naziba bawa la kulia, upande wa pili wa meza. Nikamwona mzee akibandika, akilainisha kwa kidole gumba, uso wake umetulia kwa namna ambayo sikuwa nimeiona kwa mwaka mzima. Akamaliza. Akageuka kuchovya gundi, akarudi, akachukua karatasi nyingine, akaanza tena kubandika juu ya ileile. Vidole vyake vilikuwa vimejaa gundi, na nadhani havikumwambia kitu. Karatasi nyeupe juu ya karatasi nyeupe.

Nilifungua mdomo. Mwenyekiti naye alikuwa ameona, tukatazamana. Yule mtu ambaye hajawahi kuacha neno lipite bila kulisema alinitazama, akatikisa kichwa kidogo, akaendelea kushikilia bawa. Nikafunga mdomo. Kwa mtu wa aina yangu, ilikuwa kama kumeza jiwe.

Jua la kiangazi likakausha gundi wakati watu wanakula. Alasiri, upepo ulipopoa, tukaenda wote uwandani kwa mfugaji. Mzee akausokota mpira mwenyewe, akaweka kidole kwenye pangaboi, akainua mkono. Nilijua itakachofanya. Nilijua bawa zito liko upande gani, na nilishindwa kuangalia na nilishindwa kutoangalia.

Akaiachia.

Ikapanda. Ikaelemea kushoto papo hapo, ikaanza kuzunguka, mduara mdogo, kisha mdogo zaidi, mbaya, wa aibu, hauna upana wowote wa ule niliouona alfajiri. Lakini ilikuwa juu, nayo ilikuwa inazunguka juu ya kichwa cha mzee hasa, na yeye alikuwa amekiinua kichwa, kofia imemdondoka, anageuka mahali alipo akiufuata mlio wa pangaboi. Watu walipiga kelele kana kwamba mvua imenyesha. Ndege ikaishiwa nguvu, ikaanguka katikati ya ng'ombe, dume mmoja akatimka, na mfugaji akatimka nyuma yake akitukana kwa Kimaasai.

Nilikwenda kuiokota. Sitasema kwamba nilikwenda kwa furaha. Kila mtu alikuwa ananipiga mgongoni na kuniambia imeruka, imeruka, na mimi nilitaka kuwaambia kwamba ile haikuwa kuruka, kwamba hawajawahi kuiona ndege yangu, kwamba aliyeiona ni mfugaji mmoja na mimi.

Mzee alikuwa ananisubiri, amenyoosha mkono.

"Inavuta kushoto," alisema.

"Ndiyo, mzee."

"Nani kabandika bawa la kushoto?" aliuliza, kana kwamba amesahau kuwa alilidai mwenyewe.

Bibi akatazama chini. Nilikuwa nimeshika bawa lile, kidole changu kiko palepale karatasi zilipopandana.

"Ni mimi, mzee," mwenyekiti alisema. "Nilishika vibaya, karatasi zikaingia mbili."

Mzee akamgeukia, akamshukia. Alimwita adui wa ufundi. Alimwambia kwamba angemkuta karakana ya Korogwe wakati ule angempeleka akafagie makapi ya mkonge. Mwenyekiti alisimama na shati lake la mikutano, mikono imekutana mbele, akiitikia ndiyo mzee, kweli mzee, mbele ya watu wale wale aliowahutubia asubuhi. Na mzee alikuwa anafurahi. Mwaka mzima hakufokea mtu kwa raha namna ile.

Kisha akaichukua ndege mikononi mwangu. Akapitisha kidole gumba kwenye bawa la kushoto, kuanzia shinani hadi ncha, polepole. Kidole kikafika kwenye ncha, kikarudi, kikasimama pale karatasi zilipopandana, pale alipobandika yeye. Aliacha kufoka.

"Lakini kosa la rangi ni lako," alimwambia mwenyekiti, sasa kwa sauti ya chini.

"La rangi ni langu, mzee."

"Ni lake kweli!" nilisema, kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia, na umati wote ukanigeukia.